Mashine ya Baba Mdogo

Siku ile tulikuwa watano kwenye meza ya fundi wa kompyuta, mtaani Buyenzi. Mimi; ndugu yangu anayenifuata, mbeba mizigo wa bandarini, ambaye alikuwa huru kwa sababu boti ya Kigoma haikuja; kitinda mimba wetu, binti aliyekuwa anamaliza chuo; baba yetu mdogo, mwenye duka la vitambaa, ambaye alifika sisi tumekwisha kukaa; na fundi mwenyewe, bisibisi nyuma ya sikio. Baba na mama wangekuwapo ningewataja kwanza, lakini wao walitutoka mapema, mmoja akimfuata mwenzake.

Mashine ilianza kulia asubuhi ya siku iliyotangulia, chumbani kwetu Musaga. Mdogo wangu, yule binti wa chuo, aliibonyeza kuiwasha, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi, kisha ikatoa milio mirefu, ikanyamaza, ikatoa tena.

"Inalia kama lori la bandarini likirudi nyuma," ndugu yangu alisema. "Tokeni njiani!"

Ndani ya mashine ile mlikuwa na kitabu cha mdogo wetu cha kumalizia chuo, kazi ya mwaka mzima, na nakala aliyokuwa ameihifadhi kwenye flashi ilikuwa imeliwa na virusi kwenye duka la fotokopi. Ijumaa alitakiwa kukikabidhi. Asingekikabidhi, angengoja mwaka mwingine, na chuo kingetaka karo ya mwaka mwingine. Mimi nashona sare za shule. Niliacha darasa ili wao wawili wasome. Huyu wa pili akakinai mapema, akaenda bandarini. Akabaki huyu mmoja.

Tulijaribu tulichokijua. Tulitoa betri tukairudisha. Tulibonyeza kitufe kwa muda mrefu bila kuachia. Tuliazima chaja kwa jirani. Tulipoiwasha ililia vilevile. Mabasi hayakuwa na mafuta, kwa hiyo kesho yake tukateremka kwa miguu hadi Buyenzi, mashine nikiwa nimeibeba mgongoni kama mtoto, kwa kanga.

Fundi alitusikiliza, akaiwasha mara moja, akaizima.

"Hii haijafa," alisema. "Inatafuta kumbukumbu yake, haiioni. Munaiwekaka wapi?"

Mdogo wangu alinitazama. Nikasema ukweli. Tulikuwa watu wa Gatumba. Maji ya mto yalipoingia usiku na kuchukua nyumba ya baba, tulitoka na vilivyokuwa vinaning'inia tu. Tangu hapo kwetu kitu cha thamani hakikai chini. Vyeti, picha ya mama, nguo za Idi, vyote vinafungwa ndani ya nailoni na kutundikwa kwenye boriti. Mashine ilikuwa na nailoni nene ya godoro, tukiikaza fundo mara tu kazi inapokwisha, ingali ya moto, na kuitundika juu ya jiko la makaa. Kule Musaga mlimani hakufiki mto wowote. Hatukuweza kuacha.

"Inatoka jasho humo ndani," fundi alisema, bila kutucheka. Akafungua skrubu za chini. Alitoa kijibao chembamba cha kumbukumbu, wenyewe wanakiita bareti, akatuonyesha meno ya dhahabu ya kijibao hicho, yaliyogeuka rangi ya shaba chafu. Akachukua kifutio cha penseli, akayasugua polepole, akapuliza, akakirudisha.

Alikuwa anaibonyeza tena ndipo baba mdogo alipoingia, kanzu safi, jasho usoni. Ndugu yangu alikuwa amepita dukani kwake kumpa habari, kwa kuwa mashine ilitoka kwake. Aliileta kwetu siku ya Idi, mbele ya majirani, akamkabidhi mdogo wangu kwa mikono miwili, na mimi nikapiga goti kushukuru.

"Kwa nini muko hapa?" ndiyo salamu yake. "Mi ningewapeleka kwa fundi wa mujini."

"Huyu alikuwa karibu, baba mudogo," nilimjibu.

Mashine ikalia.

"Imeharibiwa na nani?" akauliza. Ndugu yangu, asiyejua kunyamaza, akamweleza habari ya nailoni. Baba mdogo akapiga kofi pajani.

"Nailoni! Mashine inafungwa kama nyama? Watu wa Gatumba, we! Mutu anawapa kitu kizima, munakirudisha kibovu. Na we, binti wa chuo, umeshindwa kusema?"

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Nilikuwa najua kwamba machozi yake hayakuwa ya kutukanwa, yalikuwa ya Ijumaa.

Fundi alijaribu kijibao kwenye tundu la pili. Mlio uleule. Akakichomoa, akakisogeza kwenye mwanga.

"Hiki kimeoza. Kazi yenu haimo humu, hiki ni cha kuiamsha tu. Lakini hii mashine ina nafasi mbili," alisema. "Ingekuwa na viwili, hiki kinakufa, kile kingine kinaiamsha. Kile cha pili kimeenda wapi?"

Akaigeuza mashine, akaiangalia chini, kwenye kona palipokuwa na nukta ndogo ya rangi nyekundu. Akainua kichwa akimtazama baba mdogo, akatabasamu kama mtu aliyekumbuka rafiki.

"Muzee! Si we uliileta hii? Kabla ya Idi. Mi ndo nilitoa kile kizuri nikakitia kwenye mashine ya kijana wako. Alama yangu hii hapa."

Kule nje mtu alikuwa anagonga bati.

"Kijana alikuwa na mutihani," baba mdogo alisema. "Ningekirudisha."

"Kitu kizima," mdogo wangu alisema kwa sauti ndogo.

"Unasema nini?"

"Ulisema umetupa kitu kizima, baba mudogo."

Nilimshika mkono chini ya meza. Baba mdogo alinigeukia mimi.

"Dada yao, uwaambie hawa. Siku ya maziko ya baba yenu, alisimama nani?"

Nilikuwa nangoja aseme hivyo. Kwetu, kabla maiti hajaswaliwa, jamaa husimama na kutangaza: aliyekuwa akimdai marehemu ajitokeze, deni liko juu yetu. Mimi nilikuwa na miaka isiyotosha hata kusimama mbele ya wanaume. Mfanyabiashara wa samaki akajitokeza, na baba mdogo akasema mbele ya safu zote, "Hilo liko juu yangu." Na alilipa. Sitamnyima hilo. Lakini amelisema tena kila harusi, kila Idi, kila aliponituma nimshonee mapazia bila ujira.

"Ulisimama wewe," nikasema.

"Basi."

Fundi alikuwa ameelewa kwamba amekanyaga pasipokanyagwa. Akafungua droo, akatoa bareti ya mteja mwingine. "Ya kuazima tu," alimwambia mdogo wangu. "Mutoe kazi yenu haraka, niirudishe kabla mwenyewe hajakuja." Akaichomeka. Feni ikazunguka, hakukuwa na mlio, na kioo kikawa cha buluu. Mdogo wangu alipachika flashi mpya ya ndugu yangu, na tulitazama mstari wa kijani ukijaa. Ulipojaa alinakili tena mara ya pili, kwa woga. Nikaichukua flashi, kitabu chake kikawa mfukoni mwangu.

Fundi akachomoa kijibao cha watu. Nikafunika mashine, nikaifuta kwa kanga, nikamkabidhi baba mdogo kwa mikono miwili, kama alivyotukabidhi.

"Dada!" mdogo wangu alisema. Aliihitaji bado, nilijua.

"Apana," baba mdogo alisema, "mi nikishatoa sirudishi mukono."

"Tumemaliza nayo, baba mudogo. Tunashukuru." Nikaiweka mapajani mwake, kwa kuwa mikono yake haikupokea.

Ijumaa kitabu kilikabidhiwa, kimechapwa kwenye duka la fotokopi. Mdogo wangu hakusema nami kwa siku kadhaa. Sikumlaumu.

Mwisho wa mwezi, baada ya kulipwa sare, nilikwenda kwa mfanyabiashara wa samaki, mzee sasa, nikamwuliza deni la baba lilikuwa kiasi gani. Akaniambia. Halikuwa kubwa. Nilibeba fungu la kwanza hadi duka la vitambaa, nikaliweka mbele ya baba mdogo. Palikuwa na wanawake watatu wakichagua vitenge.

Alizitazama noti, akawatazama wanawake, akanisukumia zote kwa ncha za vidole.

"Weka, mama. Pesa ya yatima mi siwezi kula."

"Mashallah," mmoja wao akasema, na wenzake wakaitikia.

Nimekwenda tena mara nyingi. Mimi huchagua saa ambayo duka ni tupu, lakini daima hutokea mtu, au yeye humwita. Hazipokei. Noti ziko kwangu ndani ya nailoni, zimetundikwa kwenye boriti, na deni la baba liko palepale.