Pamba Masikioni

Mume wangu alipofariki niliingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba yetu ya Jadida, bila manukato, bila wanja, bila kutoka ila kwa dharura. Wifi yangu, dada yake marehemu, alihamia kwangu kunipikia na kunichunga. Sijui kipi alikifanya zaidi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Habari ya kifo chake ilinikuta darasani. Nilipofika kwao Gando alikuwa ameshakoshwa na kuvishwa sanda. Walinifunulia uso nimuage, nikaona pamba puani mwake, nikageuza macho ukutani. Basi nikatoka mle na kumbukumbu ya ukuta, si ya uso wake.

Kwa hiyo eda nzima nilikuwa na haja moja: baada ya sala nikae na tasbihi, moyo utulie, nimwombee huku namwona yeye. Sikuweza. Kila nilipomkaribia kitu kilinivuta. Pikipiki barabarani. Watoto wa jirani wakigombania mpira. Simu. Kadiri nyumba ilivyonifungia, ndivyo masikio yangu yalivyozidi kuzurura.

Msimu wa karafuu ukaingia. Wifi alileta zile za shamba la kaka yake, za mwisho alizozipalilia marehemu mwenyewe, akazianika uani juu ya majamvi. Harufu ikajaa chumbani, kwenye mto, kwenye nywele zangu. Nikaingiwa na wasiwasi: mwenye eda hatakiwi kunukia, na mimi nanukia hivi! Nikafunga dirisha, nikaziba mwanya kwa kanga kuukuu, nikatia pamba masikioni, kisha na puani.

Hapa niruhusu nikueleze jambo, maana huenda nawe unataka kujifunza kukaa kimya, na sipendi uanzie nilipoanzia mimi. Nilidhani kuzikusanya hisi ni kuzizibia njia. Jaribu, utaona. Ukiziba sikio, unasikia damu yako ikipiga. Ukifumba macho kwa nguvu, giza linaanza kukuchorea picha. Pua iliyozibwa hukumbuka harufu kuliko iliyo wazi. Nilikaa mle jasho likinitiririka, nikivuta tasbihi punje kwa punje, na nilichokuwa nikihesabu hasa ni siku zilizobaki.

Adhuhuri moja mlango ulisukumwa. Wifi alisimama pale, buibui limemganda mwilini, midomo yake inacheza na mimi sisikii kitu. Akaja akanichomoa pamba mwenyewe.

"Mvua, wifi! Nimekwenda dukani mara moja tu! Hata bati hulisikii?"

Sasa nililisikia. Lilikuwa likinguruma juu ya kichwa changu.

"Nilikuwa kwenye dhikri," nikasema.

"Dhikri gani ya pamba? Anayetiwa pamba puani ni maiti, na wetu tushamzika. Wataka tukuzike na wewe?"

"Ni hiyo harufu. Mwenye eda na manukato wapi na wapi?"

Alinitazama, akacheka mpaka akashika ukuta. "Ebo! Mwalimu mzima! Hayo si manukato, hilo ni shamba. Hapa Pemba ulitaka unuke nini msimu huu, waridi?" Kisha kicheko kikakatika. "Zake za mwisho hizi, wifi. Inuka."

Ua wetu una ukuta, hakuna wa kuniona. Nilitoka.

Anayeanua karafuu hapigani na mvua. Anashika pembe ya jamvi na kuikunja, karafuu zinakimbilia katikati. Anakunja ya pili, ya tatu, ya nne, kisha anabeba. Tulikimbia hivyo jamvi baada ya jamvi, na nyingine zilikwisha kuelea kwenye mfereji. Tulizimwaga sakafuni chumbani kwangu. Zilizolowa sana zingevunda, sote wawili tulijua.

Wifi akaenda kubadili nguo na kuchemsha chai. Nilisali, nikakaa katikati ya karafuu, dirisha wazi. Bati lililia, nikalisikiliza bila kulifukuza, nikalikunja kama pembe ya jamvi. Harufu nayo, nikaivuta yote, nikaikunja. Unyevu wa kanga magotini. Muwasho wa macho. Sikuziba chochote. Nilileta kila kimoja ndani, taratibu, na kama wewe utahitaji kurudia pembe ileile mara kumi, rudia, si kosa.

Katikati alikuwepo. Uso uleule, na pamba ileile puani. Mwili wangu ulitaka kukimbia, na safari hii hapakuwa na ukuta wa kuutazama. Nikamtazama. Nikamwombea kwa pumzi tatu, labda nne, nikilia.

"Wifi!" sauti ikatoka jikoni. "U hai huko, au umejiziba tena?"

"Nipo," nikamjibu.

Zilibaki siku arubaini na moja za eda, na mlango wa mbele ulikuwa umefungwa.