Amiin ya Alasiri

Juzi binti yangu alikuwa akitazama kwenye simu tamthilia ya zamani ya Kiarabu, ya misafara na masanamu. Niliitambua kwa ngoma zake kabla sijaona picha.

Utotoni tuliitazama Garissa kila alasiri, kwa jirani, kwenye televisheni iliyotumia betri ya lori. Chumba kilinukia ubani na maziwa ya ngamia, na upepo ulikuwa ukirusha mchanga juu ya mabati. Hakuna aliyejua Kiarabu zaidi ya kile cha kuswalia. Msafara ulipoanza kuondoka, mzee mmoja wa tamthilia, mwenye ndevu nyeupe, aliinua mikono, akaomba huku akilia.

"Itikieni," alisema ayeeyo, mama yake baba. "Baba yenu naye yuko njiani."

Baba alikuwa amepeleka mzigo Mandera kwa lori lake. Basi tuliinua viganja, na kila mzee aliponyamaza, mimi niliitikia "Amiin" kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilidhani dua hupandishwa na nguvu ya koo.

Safari hii, kwenye simu ya binti yangu, kulikuwa na maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Mzee alikuwa akiwaapiza wasafiri mbele ya sanamu lake: wasifike, njia iwameze, wake zao wawasubiri hadi wazeeke.

Najua yule ni mwigizaji tu, na dua ya sanamu haifiki popote. Lakini lori la baba lilirudi likiendeshwa na mtu tusiyemjua, na mama alizeeka akitazama barabara.

Mzee aliinua mikono tena.

"Hooyo," binti yangu aliniuliza, "mbona umeikalia mikono yako?"