Maneno ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani yule alianza kujifunza lugha ya kigeni akiwa na mvi kichwa kizima, kwa sababu mjukuu wake aliyezaliwa ughaibuni hakujua nyingine, na kwenye simu walikuwa wakitazamana tu kama watu wawili waliokutana kwenye foleni. Kila asubuhi aliandika neno moja kwenye kikaratasi, akakibana kwa pini kwenye nguo anayoishona, akalirudia kwa sauti mpaka pindo liishe. Suruali ya mwalimu ilikuwa "mvua". Gauni la bibi harusi lilikuwa "kijiko". Mteja mmoja alishinda ofisini na "bata" mgongoni. Ila simu ikiita tu, maneno yote yanamtoroka. "Jana nilikuwa nayo," humwambia mwanawe, huku akijipapasa mifukoni.

Jumapili moja mjukuu alipiga simu bibi yake akiwa katikati ya mshono, naye hakusimamisha mashine. Mguu ukakanyaga, mikono ikasukuma kitambaa, na maneno yakaanza kutoka yenyewe: mvua, kijiko, bata. Mtoto akacheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza jambo refu sana. Bibi hakuambulia kitu, lakini kwa furaha akajibu, kwa lugha ileile, "Ndiyo."

Jioni mwanawe akapiga. "Mama, unajua ulichokubali? Anasema likizo anakuja kukaa kwako mwezi mzima. Mimi nilishamkatalia."

Fundi akakata uzi kwa meno, taratibu.

"Nimeshasema ndiyo, mwanangu. Wewe kata tiketi."