Nilivyochagua Dawa ya Radiatere kwa Rangi Yake

Siku ile naikumbuka kuanzia kwenye jasho la shingo yangu, mwanangu. Ilikuwa saa nne asubuhi, bonde la Ruzizi limeshapata moto, nami nimekaa kiti cha mbele katika gari la mtu ambaye nilitaka anipe binti yake. Nimesikia umenunua gari lako la kwanza na unataka kulihudumia kwa mikono yako mwenyewe. Ni vizuri. Kaa basi nikueleze jinsi mikono yangu ilivyokaribia kuniharibia ndoa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilitengeneza redio mjini Uvira, na nilimpenda Nabintu, huyu unayemwita leo mama mkubwa. Baba yake alikuwa mwalimu mstaafu wa Kavimvira, mtu wa maneno machache, mwenye gari dogo jeupe alilolipenda kuliko shati lake la Jumapili. Alikuwa akifuta usukani kwa leso yake mwenyewe kabla ya kuondoka, na akifika, aliufuta tena.

Maneno ya posa yetu yalikuwa yamesimama mahali pamoja: kaka mkubwa wa mzee huyo, aliyekaa Kamanyola, alikuwa hajanisikiliza. Bila yeye hakuna ambalo lingesemwa. Basi mzee akapanga tumfuate Jumamosi kwa gari. Mimi, kwa hamu ya kuonekana mwanamume wa kazi, nikajitolea kulihudumia gari kabla ya safari. Nilijua redio, nikadhani injini ni redio kubwa inayopiga kelele zaidi.

Mafuta ya injini nilibadilisha vizuri. Chujio pia. Ilipofika radiatere, lile tangi jembamba la mbele linalopoza maji ya injini, niliona maji ya kijani yamepungua hadi karibu nusu. Kitabu cha gari kilikuwa ndani, kwa Kifaransa, na ndani yake kiwanda kilikuwa kimeandika aina ya dawa ya kupoza inayotakiwa. Sikukifungua. Nilikwenda dukani, nikakuta chupa za kijani na chupa za rangi ya waridi zimepangwa pamoja. Muuzaji akaniambia hii ya waridi ndiyo ya kisasa. Nami nilikuwa kijana, mwanangu. Neno hilo lilinitosha. Nikaimimina juu ya ile ya kijani, nikafunga kifuniko, nikanawa mikono.

Mzee aliponiuliza nimeweka nini, nikamjibu, "Ni maji yale yale tu, baba." Sikuwa na sababu ya kumdanganya. Ila nilihofia aniulize swali la pili.

Tulipokaribia Nyakabere, mshale wa joto ulianza kupanda. Mzee alikuwa wa kwanza kuuona. Hakungoja, aliegesha gari kando ya mashamba ya mpunga na kuzima injini palepale, na uamuzi huo, kama utakavyosikia, ulituokoa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha fundi mmoja, Mzee Kashindi, mwenye ndevu nyeupe na ovaroli lisilo na kifungo hata kimoja. Nilikimbilia boneti, nikanyoosha mkono kwenye kifuniko.

"Weye!" akaniita kutoka mbali. "Unataka uso upikwe? Acha kwanza ipoe."

Tulingoja. Alipofungua, hapakuwa na kijani wala waridi. Palikuwa na tope zito la kahawia, limeganda pembeni. Fundi akalichota kwa kijiti, akalitazama kwa muda.

"Nani alitia maji humu?"

"Ni minye," nikasema, nikijigusa kifua.

"Ulitia nini?"

Baba mkwe alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Unajua adabu yetu kwa wakwe. Hata kukohoa mbele yake nilikuwa nakupima. Nikasema, "Maji tu. Niliongeza maji tu."

"Maji gani inakuwa sawa na uji wa mtama?" Fundi akatikisa kichwa, akamgeukia mzee. "Mwalimu, kama ni maji tu, basi mafuta ya moteri iko inaingia ndani ya maji. Moteri imepasuka juu. Lazima nifungue yote, na sikufichi, nikifungua hapa, gari italala hapa mwezi."

Mzee alivua kofia, akakaa juu ya tairi kuukuu. Nilingoja anikasirikie, ingenifaa. Lakini alisema kwa upole, "Kijana huyu amenisaidia sana wiki hii. Ni gari imezeeka. Tutamuambia kaka tutakuja mwaka mwingine, nikipata pesa ya moteri."

Mwaka mwingine! Neno hilo lilinipiga kifuani. Fundi alikuwa ameshatandika kitambaa chini na kupanga spana zake, akachukua moja, akaiweka kwenye bolti ya kwanza. Nikamshika mkono. Nikamwomba twende nyuma ya gari, na huko nikamweleza yote, kijani na waridi, mpaka chupa iliyobaki nusu ndani ya buti.

Alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akaacha ghafla.

"Wataka niende nimuambie minye?"

"Ndiyo, mzee. Mimi siwezi. Ni baba mkwe."

"Ni baba mkwe ndiyo sababu. Daktari anauliza umekula nini, weye unasema sijala kitu, halafu anakupasua tumbo bure. Minye sigusi hata bolti moja mpaka mwenye gari asikie kwa kinywa chako."

Hatua zile sita kutoka nyuma ya gari mpaka kwenye lile tairi ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kutembea. Niliinama, nikasema macho yakitazama viatu vyake. Nilisikia ndege kwenye mpunga.

"Ulichanganya dawa mbili?"

"Ndiyo, baba."

"Na hukusoma kitabu."

"Sikusoma, baba."

Akavuta pumzi ndefu, akaitoa, na mabega yake yakashuka. "Mungu ashukuriwe," akasema. "Mukwe mujinga nitamufundisha. Moteri mupya ningeitoa wapi?"

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini: mafuta yalikuwa safi, hayana tone la maji; injini haikupasuka, kwa kuwa mzee aliizima mapema. Ili tuamini, alichanganya dawa yangu na ya kijani aliyokuwa nayo katika kopo, akaliweka karibu na jiko la mkewe. Tulipokuwa tukimwaga lile tope na kusafisha radiatere, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, yaliyomo katika kopo yaliganda mbele ya macho yetu. Mzee alilitazama kama anayesahihisha mtihani. Maji yaliyotoka yakaanza kuwa mepesi, kisha ya njano kidogo, kisha safi kabisa. Tukasoma kitabu, mzee akitafsiri Kifaransa kwa sauti, fundi akaleta dawa yenye maandishi yaleyale. Injini ikawaka. Mshale ukapanda hadi katikati, ukatulia. Nilicheka peke yangu, machozi yakinitoka, wala sikuona haya. Saa tisa tulikuwa Kamanyola tunakula samaki kwa kaka mkubwa, na mzee alisimulia kisa chote mbele ya ukoo mzima. Nilichekwa sana. Lakini kaka mkubwa aliuliza swali moja tu: "Alisema mwenyewe?" Mzee akajibu, "Alisema mwenyewe." Basi posa ikaendelea.

Kwa hiyo, mwanangu, nakusihi. Rangi ya dawa isikudanganye, kila kiwanda kinatia rangi kipendavyo. Tafuta aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari lako, na iwe hiyohiyo kwenye chupa. Usiongeze moja juu ya nyingine usiyoijua. Ukitaka kubadilisha, mwaga yote, safisha, ndipo uweke mpya. Maji ya ziwa letu ni matamu kwa mpishi, lakini ndani ya injini yanaacha magamba. Tumia maji yaliyosafishwa. Kifuniko usikiguse injini ikiwa na moto, na chupa uiweke mbali na watoto, kwani dawa hiyo ina utamu na inaua. Mshale ukipanda, simama. Na fundi akikuuliza uliweka nini, mjibu ulichoweka, hata kama anayesikiliza ni baba wa msichana unayempenda. Hasa huyo.

Mungu akuongoze barabarani, akupe wakwe wenye subira, na kila unakokwenda ufike mzima, nasi tuwe mlangoni kukupokea.