Springi za Mlango wa Mkwe Wangu

Mimi kuiga sauti za watu nimezaliwa nako, hata padri namwiga. Ila mkwe wangu, mume wa binti yangu, simwigi. Kwetu mkwe humtanii, humkazii macho, wala humwamrishi. Nikikaa kwao Isaka nampa mgongo, naye ananipa wake. "Shikamoo mayu," yaani mama. "Marahaba baba." Basi, tumemaliza.

Siku hiyo binti yangu kaenda kliniki, na tumbo lake la miezi minane. Mkwe akaamua kubadilisha springi za mlango wa gereji. Ni mlango wa bati zito, unapanda juu. Pale juu kuna bomba lenye springi mbili, ndizo zinazobeba uzito wote. Moja imekatika, ya pili imechoka. Fundi wa Kahama alishatuelekeza wote pale uani: springi mpya unaikaza kwa nondo mbili, unazipokezanisha kwenye matundu ya kichwa chake. Nondo zenyewe akaziacha.

Nachambua mchele, nimempa mgongo. Nasikia ng'wii, ng'wii. Mh! Nondo hailii hivyo. Nikageuka kidogo, jicho moja tu. Yuko juu ya ngazi, kachomeka bisibisi badala ya nondo ya pili! Inapinda, na uso wake uko mbele ya bisibisi hiyo kabisa.

Nimpigie kelele mkwe? Mdomo ukagoma. Na huyu wa tumboni azaliwe akute baba hana macho? Ndipo nikamtoa binti yangu kooni:

"Baba watoto! Shuka hapo! Sasa hivi!"

Akaruka bila kuuliza, huyo kazoea. Bisibisi ikafyatuka, ikapita pale pua yake ilipokuwa, ikatoboa bati.

Akamtafuta mkewe kushoto, kulia. "Umerudi saa ngapi?"

"Hajarudi, baba. Ni mimi."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, kajishika uso kama anahakikisha upo.

"Mayu, nondo moja sikuiona."

Nondo ile nilikomea banda la kuku, mimi mwenyewe. Nikaenda kuichomoa, nikaiweka chini ya ngazi, nikarudi kwenye mchele wangu.

Akapanda tena. Sasa nikamleta fundi, na ile sauti yake ya puani: "Mlango ubane chini kwanza, mzee! Uso pembeni! Nondo hiyo usiitoe, mwenzake hajazama! Na hiyo iliyochoka ilegeze pole pole, nayo uibadilishe, umri wake na ile iliyokatika ni mmoja!"

"Sawa, fundi," anajibu, ananipa mgongo.

Ikaisha. Akauinua mlango kwa mkono mmoja, ukapanda kimya kimya. Akawa ananawa, bado kageukia ukuta.

"Mayu, binti nimemsikia, fundi nimemsikia. Wewe mwenyewe huna la kuniambia?"

Nikasema kwa sauti yangu, hii hii mbovu:

"Njoo ule, baba. Mikono inakutetemeka."