Vitabu Vilivyopimwa kwa Moyo wa Ng'ombe

Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa utabibu katika chuo kimoja pale Bariadi, vitabu vyetu vya anatomia na fiziolojia vilikuwa vichache na vimechakaa. Kurasa za mifupa zilikuwa zimenyofolewa zamani. Chuo kilipopata fungu la kununua vipya, kazi ya kuchagua akapewa mwalimu wetu wa somo hilo, mama mpole mzaliwa wa Maswa, ambaye wote tulimwita Madam. Muuza vitabu wa Mwanza akatuma vitatu tuviangalie.

Cha kwanza kilikuwa kinene, chenye picha za rangi zinazong'aa. Mkuu wa chuo alikipenda papo hapo, akasema kitapendeza rafuni wageni wakija. Cha pili kilikuwa chembamba, maswali ya kuchagua jibu na majibu yake matupu, na sisi wanafunzi tulikitaka hicho kwa sababu mtihani ulikuwa karibu. Cha tatu kilikuwa na jalada la kijivu, michoro ya wino mweusi na maelezo mengi. Hakuna aliyekigusa.

Madam hakubishana na mtu. Alivisoma vyote mwenyewe, kisha asubuhi moja akapitia machinjioni, akaja na moyo wa ng'ombe kwenye ndoo. Aliuweka kwenye trei katika chumba cha mafunzo ya vitendo, akapanga vitabu pembeni, akatuambia tuvae glavu, kila mtu kwa zamu achague kitabu, aupasue moyo na kuueleza. Alituwekea sharti moja: tueleze kwa Kiswahili, kama tunavyomweleza mgonjwa. Wengi wetu tulikulia katika Kisukuma, Kiswahili tukakikuta shuleni, Kiingereza baadaye kabisa. Vitabu vyote vitatu vilikuwa vya Kiingereza, naye alijua mtu anaweza kukariri ukurasa mzima bila kuelewa kitu.

Nilianza na kile cha maswali na majibu. Majina ya vyumba vinne vya moyo niliyataja yote bila kukwama, lakini nyama yenyewe ilipofunguka mbele yangu sikujua kipi ni kipi. Mwenzangu, binti aliyetoka Bukundi, akachukua kile kinene. Picha zake zilimsaidia; vali, vile vilango vya damu, alizipata mara moja, akazinyanyua kwa kidole tukaziona.

Wakati huo Mkuu akaingia. Alitazama kidogo, halafu akamuuliza yule binti kwa nini ukuta wa upande mmoja ni mnene na wa upande mwingine mwembamba. Binti akapekua. Picha ilionyesha unene, lakini sababu hakuiona. Madam akamsogezea kile cha kijivu. Binti akasoma, akakifunga.

"Upande huu mwembamba unapeleka damu kwenye mapafu tu, hapo jirani," akasema. "Huu mnene unaisukuma mpaka kwenye vidole vya miguu. Kazi nzito ndiyo imeunenepesha."

Mkuu akaomba glavu. Akabonyeza ukuta mmoja, akabonyeza mwingine, akarudia. Kisha akamuuliza Madam anashauri nini.

"Hiki kinene tununue vichache vikae humu ndani, picha zake zina faida," alijibu. "Cha kijivu kila mwanafunzi akipate. Hiki cha maswali kitawafaulisha, Mkuu, lakini mgonjwa haji na majibu manne ya kuchagua."

Mkuu alicheka, akakubali. Nilimtazama yule mama akinawa mikono kwenye sinki, nikatamani siku moja niijue kazi yangu kwa namna ile.

Vitabu vilifika kwa basi, naye Madam akavifunika kwa karatasi za kaki, kimoja kimoja. Baada ya hapo fiziolojia, somo lililokuwa likitutoa jasho, likawa la kubishania hata kwenye foleni ya chakula. Mara nyingi Madam alikuwa nyuma yetu na sahani yake, akisikiliza, wala hakuingilia mabishano yetu.