Rafiki yangu wa kila asubuhi alipotea, na sikujua hata jina lake

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji tu wa hizi nyuzi zenu, account nilifunguliwa na binti yangu. Leo nimeona na mimi niandike. Ni mambo yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mkifika katikati mtaona hakuna mzee anaweza kujitungia aibu kama hii. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mzee wa Kitengela. Nilikuwa storekeeper kwa kiwanda kimoja huko Athi River mpaka nikaretire.

Wale bado mnafanya kazi, nisikizeni hapa kidogo. Kitu inasumbua baada ya kuretire ni asubuhi. Unaamka mapema vile umezoea, unaoga, unavaa hadi viatu, halafu unakaa kwa kiti na unakumbuka hakuna mtu anakungoja mahali popote.

Bibi yangu, Mama Mumbua, alinivumilia. Siku moja akiwa na ufagio akaniambia, "Baba Mumbua, inua miguu. Umekuwa kama fanicha."

Hapo ndipo nikaanza kutoka.

Karibu na kwetu kuna kibanda ya chai ya mama mmoja, Mama Shiru. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na plot imechimbwa, flats zinaanza kujengwa. Siku ya kwanza nilipata mzee mwingine kwa benchi, mrefu, amevaa koti ya kijani, anaangalia huo mjengo kama mtu anaangalia mtoto wake akivuka barabara.

Hakunisalimia. Alisema tu, "Ile nguzo ya kona imepinda."

Nikaangalia. Nikamwambia, "Imepinda kweli."

Wakuu, urafiki wetu ulianza hivyo tu.

Kesho yake nikarudi, nikampata. Na kesho yake tena. Mimi nililalamika vile simiti inaachwa inyeshewe, akaanza kuniita Foreman. Mimi nikamuita Engineer. Mama Shiru akadaka hayo majina, na wateja wake wakadaka. Na tuseme ukweli, mimi hata choo ya nyumbani nilijengewa.

Tulikuwa tunaongea nini? Mjengo. Ngazi ni nyembamba, hapo jeneza haitapita. Madirisha yameangalia upepo. Wale vijana wa kokoto leo wana njaa, angalia vile wanatembea.

Mama Shiru alikuwa anatuwekea andazi ya kwanza kutoka kwa mafuta. Engineer anaipasua katikati, mvuke unatoka, ananipa nusu yangu, tunanyamaza mpaka iishe. Kwa hiyo benchi kuna upande unapata jua mapema. Tangu aone vile nasimama na goti langu, huo upande aliniachia. Hakuwahi kusema ni kwa sababu ya goti. Alikuwa anasonga tu.

Nilikuwa na furaha, na sikujua ni furaha. Nilifikiri napoteza wakati.

Halafu Jumatatu moja hakuja.

Nikasema ni homa. Jumanne pia hakuja. Hiyo wiki ndiyo walikuwa wanamwaga slab ya mwisho, ile zege ya juu kabisa, kitu tulikuwa tumengojea sana sisi wawili. Mixer inanguruma, vijana wanaimba, mimi niko na andazi nzima kwa mkono, hakuna wa kuipasua.

Mama Mumbua akaona uso wangu. "Una nini?"

"Engineer amepotea."

"Mpigie simu."

"Sina namba yake."

"Anaitwa nani?"

"Engineer."

"Jina la kanisa? Jina la baba yake? Anakaa wapi?"

"Anatokeaga upande wa kule," nikasema, nikaonyesha na kidole.

Alianza kucheka. Halafu akaniangalia vizuri akaacha.

Hapo ndipo nilichanganyikiwa. Huyu ni mtu nimekaa na yeye asubuhi nyingi kuliko ndugu zangu wote. Kama amekufa, nitajuaje? Nikiona tangazo la mazishi limebandikwa kwa posti ya stima, nitajua ni yeye kwa picha tu. Na je, niko na haki ya kumtafuta? Mimi ni nani kwake? Pengine alichoka na mimi. Pengine nilisema kitu. Nilirudia maneno yote ya wiki ya mwisho na sikupata kosa, yote ilikuwa ni mambo ya ngazi.

Nikaenda kuuliza watu wa boda. "Mzee mrefu, koti ya kijani." Mmoja akakumbuka alimbeba siku ya mvua, akanipeleka mpaka kwa gate fulani karibu na kanisa.

Nilivua kofia nikabisha, kama kijana ameenda kuposa.

Akatoka mama wa makamo hivi, amefunga leso. Alikuwa binti yake, tumwite Wangari.

"Naulizia mzee wa hapa," nikasema.

"Baba? Wewe ni nani, mzee wangu?"

Wakuu, nikajibu, "Mimi ni Foreman."

"Foreman wa wapi? Baba hajawahi kufanya kazi ya mjengo. Alikuwa mwalimu."

Mwalimu! Mimi kumbe nimekuwa nikimsahihisha Kiswahili.

Nikajaribu kueleza. Kibanda, benchi, nguzo imepinda. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu hayuko sawa. Wangari akanisikiza, uso ukabadilika.

"Sisi alituambia anaenda kutembea kwa sababu ya pressure," akasema. "Baba yuko Entarara, Loitokitok, kwa shamba ya ndugu yake. Tulimpeleka ghafla Jumapili. Tuliona hapa Kitengela sisi tukienda kazini anazeeka peke yake, hana mtu."

Hana mtu.

Nilisimama hapo kwa gate na kofia kwa mkono, sijui kama nimetukanwa ama nimepewa pole.

Nafikiri aliniona. Alitoa simu akapiga, akanipatia.

"Hallo?" sauti ikasema.

"Engineer."

"Foreman! Slab walimwaga?"

Wakuu, tuliongea mpaka airtime ya Wangari ikaisha. Alisimama hapo akitusikiza tukibishana kuhusu ngazi, akawa anapangusa macho na leso. Aliniambia baba yake hajaongea hivyo tangu mama yao afariki.

Nilimuomba namba ya baba yake, na nikamuuliza jina lake. Anaitwa Ndegwa. Tumuite hivyo.

Baadaye nikaenda kumuona. Mama Mumbua alinifungia majani ya chai na sukari, akasema, "Nenda, lakini ukirudi usiniambie umeenda kuongea simiti." Nikapitia Emali mpaka Loitokitok, halafu boda mpaka Entarara.

Nilimpata na gumboots, anachagua maharagwe kwa gunia pamoja na ndugu yake. Alinishika mkono na mikono yote miwili. Tukawekewa stuli nje.

Halafu hatukuwa na la kusema.

Hakuna mjengo huko. Kuna maharagwe, mlima na mbuzi. Nikaanza kuogopa. Nikajiuliza, kumbe ilikuwa ni flats tu? Nimetoka Kitengela yote hii kuja kuona mgeni?

Ndugu yake akauliza, "Na huyu mzee ni nani?"

Ndegwa hakufikiria. "Huyu ni rafiki yangu," akasema.

Mimi ni mzee wa wajukuu. Nimeitwa baba, deacon, chairman wa maji. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu aliniita hivyo mbele ya mtu mwingine. Niliangalia chini, nikaanza kuchagua maharagwe pia.

Ndugu yake alipoenda kufungua mbuzi nikamuuliza, "Mbona hukuwaambia watoto uko na mtu?"

"Ningewaambia nini? Kuna mzee naketi na yeye tunaangalia ukuta? Wangeniuliza anaitwa nani."

Tukacheka mpaka akakohoa.

"Na utarudi?"

Akafikiria sana. "Sijui. Hapa na ndugu yangu najisikia vizuri. Na kule nilikuwa najisikia vizuri. Sasa nifanye nini?"

Hakurudi, bado yuko huko. Ananipigia asubuhi nikiwa kwa Mama Shiru, mimi namwambia nani amehamia floor gani, yeye ananiambia bei ya maharagwe. Siku zingine nikikata simu nafurahi kwa sababu yuko na watu wake. Siku zingine nakasirika na sijui namkasirikia nani. Wangari hakukosea. Ndegwa hakukosea. Mimi pia sioni nilikosea wapi. Mpaka leo hiyo hesabu haijaniingia.

Kwa wale wenye wazazi wazee: kabla mseme baba hana mtu, mfuateni asubuhi moja muone anaenda wapi.

Na wazee wenzangu, si lazima mjuane mambo yote. Sisi tulijuana kwa andazi tu na ilitosha. Lakini ombeni namba.

Naacha hapo. Comments ziko wazi, hata za kunicheka. Lakini kabla ucheke, niambie: yule mtu wako mnasalimiana kila asubuhi, anaitwa nani?